Namba 163

Namba za kesho hazigawiwi leo. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza, nikakumbushwa siku ya pili, na jioni ya siku ya tatu nikazigawa.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, manake nikiiacha hapo naonekana mjinga tu (na kidogo kweli nilikuwa mjinga). Mimi ni mediki wa jeshi la Marekani, mwanajeshi wa kawaida upande wa tiba, sio daktari, ingawa kule kijijini kila aliyevaa gwanda na stetoskopu shingoni alikuwa doctor na ilifika mahali nikachoka kukanusha. Tulikuwa Honduras, mkoa wa Gracias a Dios, ule wa mashariki kabisa unaopakana na Nicaragua, eneo zima watu wanaliita La Mosquitia. Jina la mkoa maana yake ni shukrani kwa Mungu, na siku ya kwanza niliposhuka kwenye lile joto nilijiuliza aliyelitoa alikuwa anashukuru kufika au kuondoka.

Ukiangalia ramani ya Honduras utaona barabara zinakuja vizuri halafu zinafika mahali zinakata. Hakuna barabara ya maana inayokufikisha Puerto Lempira, makao makuu ya mkoa, kutoka sehemu nyingine ya nchi, unaenda kwa ndege au kwa boti basi. Sisi tulienda na Chinook kutoka kambi ya Soto Cano, kule karibu na Comayagua ambako Wamarekani wana kikosi tangu 1984, tukiwa na maboksi ya dawa, viti viwili vya meno vya kukunja, jenereta, mabomba ya maji na watu ishirini na kitu tumekaa magoti yamegusana tukipigiana kelele masikioni. Kijiji chenyewe siwatajii jina, kiko kando ya laguna ya Caratasca, yaani ziwa la pembeni mwa bahari, na shule yao ya msingi ndio iligeuzwa hospitali kwa siku nne.

Kwa anayetaka kujua mpangilio ulivyo, darasa la kwanza ni vipimo, presha, sukari, joto. Darasa la pili madaktari wetu wawili na daktari mmoja wa Honduras. La tatu meno, na hapo ndio penye kelele. La nne miwani ya kusomea, wazee wanajaribu moja baada ya nyingine mpaka herufi zitulie. Dirisha la mwisho dawa. Chini ya mwembe kuna mtu wa wanyama na sindano zake za kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Na getini ni mimi, na mkalimani wangu, na boksi la vikaratasi vya manila nilivyokata mwenyewe nikaviandika namba kwa maka peni.

Nikisema mkalimani nasema wawili. Mimi naongea Kiingereza, kijana wa kwanza anageuza Kihispania, halafu mwalimu mmoja wa ile shule anageuza Kimiskito, lugha ya wenyeji, kwa sababu bibi wa miaka 70 Kihispania anakisikia sikia tu. Na mimi kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimelitoa neno kwenye Kiswahili, huwa nafikiri na kuhesabu kwa Kiswahili hata baada ya miaka yote hii jeshini. Kwa hiyo "pole mama, unaumwa wapi" ilikuwa inapita lugha nne kabla haijamfikia mwenyewe, na ile pole nahisi ilikuwa inadondoka njiani kwenye daraja la kwanza tu maana Kiingereza hakina pa kuiweka.

Sasa jioni ya siku ya tatu. Tumefunga saa kumi na moja, watu bado wako nje. Wengine wamekuja na mitumbwi kutoka ng'ambo ya laguna, saa tatu nne majini, wamebeba watoto, wamebeba wazee, na wanajipanga kulala pale pale ukutani ili alfajiri wawe wa kwanza. Mvua inanyunya. Nikaona hii sio haki, kwanini walale wamesimama kushikilia nafasi wakati naweza kuwapa namba sasa hivi wakalale kwa ndugu zao mpaka asubuhi? Nikatoa vikaratasi. Moja mpaka 190. Walivishika kama tiketi ya ndege aisee. Nilienda kulala najiona mtu mwema sana.

Ratiba ilikuwa tufanye kazi mpaka saa saba mchana, tufunge mizigo, ndege saa tisa. Kwa kasi yetu watu 190 wanaisha, tena unabaki na muda wa kunywa maji.

Saa moja na nusu asubuhi kepteni akatuita nyuma ya darasa la kwanza. Marubani wameangalia hali ya hewa, mchana mawingu yatakaa juu ya milima kati yetu na Comayagua, hawatapita. Ndege zinakuja saa sita. Getini tunafunga saa nne. Akauliza nje wako wangapi, nikasema sijui kamili, halafu nikasema 190 wana namba. Akaniangalia. Hakufoka, na bora angefoka. Alisema tu, "Basi wewe ndiye utakayewaambia."

Kuna kitu kuhusu hizi safari ambacho hukisomi kwenye zile picha za mwanajeshi amebeba mtoto anacheka. Kwenye karatasi zinaitwa MEDRETE, na ukizifungua hizo herufi unapata zoezi la mafunzo ya utayari wa tiba. Isome tena polepole. Zoezi. Mafunzo. Utayari. Neno msaada halimo. Anayefanyishwa mazoezi ni sisi, tujue kupakia hospitali kwenye helikopta, kuitandaza mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba, kuona magonjwa tusiyoyaona kambini, kuikunja na kuondoka nayo kwa saa mbili. Hakuna aliyetuficha, jina ni la wazi miaka yote, na wizara ya afya ya Honduras inajua na inakubali na inaleta watu wake tufanye pamoja. Mgonjwa anatibiwa kweli, jino linatoka kweli. Lakini siku ya kwanza mpaka ya tatu unaweza kusahau jina, unaona watu unatoa dawa unasikia tingki pali, asante sana, kila dakika. Siku ya mwisho jina linarudi. Kwa upande wa zoezi, kuondoka saa sita badala ya saa tisa hakuharibu chochote, tena ni mafunzo mazuri zaidi.

Tukaanza. Sijawahi kuona darasa la vipimo likienda vile. Daktari wetu, meja mmoja mama mtu mzima mwenye safari nyingi kama hizi, alisimama katikati ya chumba akasema leo hatuanzishi kitu kipya. Mara ya kwanza sikuelewa. Baadaye nilimwona anavyofanya. Mgonjwa wa presha anakuja, sisi tuna vidonge vizuri tu, tungempa vya siku 30 kama tulivyofanya siku tatu zote. Presha lakini haiishi siku ya 31. Kwa hiyo alimkalisha nesi wa zahanati ya pale kijijini pembeni yake, na kila mgonjwa anamuuliza nesi kwanza, wewe kabatini unacho nini na kinakuja mara ngapi, halafu anaandika kile cha nesi hata kama chetu ni kipya zaidi. Kuna kijana wetu wa dawa alilalamika kwamba maboksi yetu yatarudi yamejaa. Meja akamwambia yarudi.

Na hilo la maboksi lilinifundisha kingine. Tulikuwa na katoni mbili za dawa zinazoisha muda miezi minne mbele, na mtu wa dawa alitaka tuziache, si ni bure, watazitumia. Nesi akakataa, kwa upole kabisa, akatoa kidole kwenye tarehe. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa dawa za msaada tangu 1996, unasema dawa ikifika nchini iwe imebakiza walau mwaka mmoja, na sababu yake ni hiyo tu, dawa ikiisha muda kule inakuwa takataka ya hatari ambayo nesi ndiye anayetafuta pa kuitupa. Na sisi tutakuwa tumeandika kwenye ripoti kwamba tumetoa msaada wa kilo kadhaa. Yule nesi mshahara wake sijui unafika lini lakini alikuwa anajua kazi kuliko sisi wote mle ndani.

Watoto niliwapitisha haraka. Dawa ya minyoo ni kidonge kimoja cha kutafuna cha miligramu 400, nusu kwa wa kati ya mwaka mmoja na miwili, unaangalia ametafuna kweli hajaficha shavuni, anaenda. Minyoo yenyewe itarudi baada ya miezi kadhaa kama vyoo na maji ni yale yale, kila mtu anajua, lakini hiyo miezi mtoto anakula chakula chake mwenyewe.

Namba 12 alikuja na kiti cha magurudumu matatu kile cha kuendeshea kwa mikono, kwenye mchanga, kijana wake anasukuma nyuma. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, kifua kipana kama cha mpiga makasia, miguu miembamba imelala upande mmoja. Sikuhitaji kuuliza. Siku nne zile tulishaona wengine kama yeye, ndani ya La Mosquitia ukiona mwanaume kijana kwenye kiti kama kile unajua ni mzamiaji wa kambakochi.

Wanazama na mitungi ya hewa, mita 30, 40, sehemu za karibu zimeshaisha kambakochi kwa hiyo kila mwaka wanaenda chini zaidi, mitungi kumi na zaidi kwa siku moja, vifaa vibovu, mafunzo hakuna. Ukiwa chini kule naitrojeni ya ile hewa inayeyuka kwenye damu na kwenye mwili, ukipanda polepole inatoka kwa mapafu bila shida, ukipanda haraka inatoka mapovu humo humo ulipo, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo. Mtu anatoka majini anavuta sigara anasema miguu imekufa ganzi, baada ya saa moja hasimami. Tiba ni kuingizwa kwenye chumba cha shinikizo mapema, na boti iko siku kadhaa kutoka nchi kavu. Kesi yao ilifika mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, wazamiaji 42 wa Kimiskito na familia zao dhidi ya serikali ya Honduras, na hukumu ikatoka mwaka 2021, serikali ikiwa imekubali kuwajibika. Baadhi ya wale 42 hawakuwa hai kuisikia.

Mwalimu wetu mkalimani alimwuliza ilikuwaje, akajibu kwa maneno machache, na mwalimu akasita kugeuza. Nikamwambia sema tu. Akasema, "Anasema ni Liwa Mairin." Mwanamke wa majini, mwenye mali yote iliyoko chini ya maji. Amechukua kambakochi wengi kuliko ruhusa yake na mwenyewe akakasirika. Kijana wa Kihispania akatabasamu kidogo akinitazama, akitegemea na mimi nitabasamu. Sikutabasamu. Lugha yangu ina neno jini tangu zamani na nina jamaa wenye digrii ambao hawapiti sehemu fulani usiku. Tena ukiondoa huyo mwanamke, maelezo ni yale yale ya kwetu, umechukua wengi mno, umeshuka chini mno, umerudi haraka mno.

Meja akamwangalia vidonda vya kukaa, akavisafisha, akamwonyesha kijana wake namna ya kumgeuza. Halafu akamwuliza, unataka tukusaidie nini? Nilidhani atasema miguu. Alisema mipira ya mkojo. Anao mmoja. Anauchemsha, anautumia, anauchemsha, umeshakuwa mgumu na unamkwaruza, na homa inakuja kila mwezi. Watu waliopooza hivi mara nyingi hawafi kwa uti wa mgongo, wanafia kwenye figo na vidonda.

Mipira tulikuwa nayo. Saizi namba 14, boksi nne, kumi kila boksi, imekuja kwa ajili ya dharura yetu sisi wenyewe endapo mmoja wetu ataumia vibaya, na kwenye orodha imeandikwa irudi. Meja alinitazama akasema, "Mimi sijui chochote kuhusu stoo," akamwita mgonjwa mwingine. Nikaenda kwenye sanduku. Nilimpa boksi moja, na tatu nikampa nesi, nikamwambia kupitia lugha zetu zote nne ziwafikie wale wengine. Nesi aliandika kwenye daftari lake majina ya watu watano papo hapo bila kumwuliza mtu.

Saa nne kasorobo tulikuwa tumefika namba 140.

Nimesimama mbele ya watu na mambo magumu zaidi ya hayo, lakini ile getini bado naiona. Nilitafuta maneno kichwani, kila sentensi nikiijenga inaanza na "kwa bahati mbaya," na nikajua ikifika kwenye Kimiskito itakuwa bahati mbaya yao, sio kosa langu. Nikamwambia mkalimani, sema hivi: namba nilitoa mimi, sikutakiwa kuzitoa, ndege inakuja mapema, hatutawaona. Sema mimi. Akasema. Mwalimu akasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonimaliza. Baadhi walicheka kile kicheko cha mtu aliyezoea. Wanaume wawili walinyanyuka, wakakung'uta suruali, wakaenda kuangalia mitumbwi. Nilianza kukusanya vikaratasi, sijui kwanini nilidhani lazima nivikusanye, labda nilitaka nivipoteze nisivione. Mama mmoja akakataa kutoa chake. Mtu mzima, gauni la bluu limefifia, ameweka karatasi kwenye kiganja amekifunga. Akauliza kitu. Mwalimu akageuza, kijana akageuza, "Anauliza mkirudi, hii namba itakuwa bado inafaa?"

163.

Mnarudi lini ndio swali tuliloulizwa kuliko yote zile siku nne, na jibu letu la kawaida tulilofundishwa ni kwamba hatupangi sisi. Ni kweli kabisa, hatupangi sisi. Lakini kwa yule mama nilikuwa tayari kusema ndio, itafaa. Naapa neno lilishafika mdomoni. Ningesema nikapanda ndege nikalala vizuri.

Nesi alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumwona alivyofika. Akaongea na yule mama moja kwa moja, Kimiskito, haraka, akanyoosha mkono kuonyesha zahanati yake, kile kibanda cha bluu na nyeupe baada ya kanisa. Mama akamjibu. Nesi akaichukua ile karatasi, akaigeuza, akaandika nyuma kwa kalamu yake, akamrudishia. Mkalimani akaniambia ameandika jumanne. Kisha akaanza na wengine, mmoja mmoja, jina, tatizo, siku, vikaratasi vyangu vikawa vyake. Mimi nikabaki pembeni nimeshika boksi tupu, nikimsogezea kiti. Ndio kazi niliyoifanya saa moja ya mwisho, kumsogezea nesi kiti kufuata kivuli.

Kufunga kulikwenda kama kwenye kitabu. Sindano zilizotumika zote kwenye ndoo za njano, zinarudi na sisi kuteketezwa, huachi hata moja. Vifaa vya meno vinahesabiwa mara mbili. Madawati yanarudishwa kwa mistari kama tulivyoyakuta, kuna sajenti alipiga picha siku ya kwanza ili yarudi hivyo hivyo, na hicho ni kitu kidogo ninachokipenda sana kuhusu jeshi. Ubaoni mtu alikuwa amefuta hesabu za watoto akaandika ratiba yetu, nikajaribu kukumbuka zilikuwa hesabu gani nikashindwa.

Chinook ikishuka haishuki kistaarabu. Ule upepo wake unanyanyua mchanga, majani, kuku, kila kitu, na watoto ndio wanachokipenda hicho kuliko dawa zetu zote. Nilitafuta gauni la bluu kwenye kundi sikuliona. Niliona kile kiti cha magurudumu matatu, yule bwana amejifunika uso kwa shati, kijana wake amelalia boksi kwenye mapaja ya baba yake lisipeperuke.

Mawingu yalikuwa kweli juu ya milima. Marubani hawakukosea, na hilo nataka liandikwe.

Siku mbili baadaye tulikaa stoo Soto Cano na karatasi za hesabu. Sajenti wa stoo anasoma, mimi najibu. Glavu. Bandeji. Ganzi ya meno, chupa ngapi. Akafika kwenye mstari wa mipira ya mkojo.

"Zilitoka boksi nne. Zilizorudi?"

"Hakuna."

Akanyanyua kichwa. "Mmefanya kliniki ya meno na miwani, mkatumia mipira ya mkojo arobaini."

"Ndio, sajenti."

Alinitazama muda, akatazama karatasi, akaandika zimetumika, akaweka sahihi pembeni.

"Maka peni," akasema. "Zilitoka tatu."

"Imerudi moja."